Betri ndogo, kazi kubwa: haibridi za kuchaji kwenye joto la Kisumu

Mwalimu mmoja wa Ahero aliniletea hapa karakana, Kisumu, haibridi yake ya kuchaji, yaani gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, ambalo betri yake huchajiwa kwenye soketi. "Fundi, nilipolinunua nilikuwa nachaji nyumbani usiku, nakuja mjini na kurudi bila injini kuwaka. Sasa nikirudi jioni inawaka nikiwa bado Nyamasaria, hata sijatoka mjini vizuri. Na si uliniambia betri ya lithiamu hudumu?"

Nilimwambia, na ni kweli. Ila sikumweleza yote.

Haibridi nyingi za zamani zisizochomekwa kwenye soketi, kama Toyota Prius ya 2010, hutumia betri ya nikeli: moduli (vipande vya betri) 28 zenye seli 6 kila moja. Ni nzito lakini ni ngumu, kwa sababu kompyuta hairuhusu ijae kabisa wala iishe kabisa. Adui yake huku kwetu ni vumbi. Feni huvuta hewa kando ya kiti cha nyuma, na wenye teksi huegemeza mizigo papo hapo. Nimefungua betri moja ambayo feni yake ilikuwa imeganda vumbi na magamba ya omena. Moduli za pembeni zilisoma volti 7.8, moja ya katikati 6.5. Hapo seli moja ilikuwa imeshakufa, na ilikufa kwa joto.

Gari la kuchaji linahitaji umeme mwingi zaidi, kwa hiyo hubeba lithiamu. Nazo si za aina moja. Ile ya nikeli, manganizi na kobalti hubeba umeme mwingi kwa uzito mdogo, na kwa kawaida huvumilia mizunguko ya chaji (kujaa na kuisha mara moja ni mzunguko mmoja) 1,000 hadi 2,000 kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80. Ile ya chuma na fosfati, ambayo kampuni ya magari ya BYD ya China huiweka kwenye haibridi zake, ni nzito zaidi kwa umeme uleule, lakini hufika 3,000 na kupita. Ningekuwa nanunua leo nikae na gari miaka 10, ningetafuta hiyo.

Sasa piga hesabu. Mitsubishi Outlander PHEV za kwanza, nazo ni haibridi za kuchaji, zilikuja na betri ya kWh 12, tuseme kilomita 40 barabarani. Ukienda kilomita 100,000 kwa umeme mtupu, umeizungusha mara 2,500. Gari la umeme pekee lenye uwezo wa kilomita 300 lingezunguka mara 333 tu kwa safari zilezile. Betri ndogo huchakazwa na udogo wake, hata kama seli ni bora.

Halafu kuna kukaa imejaa juani. Lithiamu iliyojaa huzeeka haraka ikiwa kwenye joto, hata gari likiwa limezimwa. Mwalimu aliniambia kwamba kila likizo alilichaji hadi juu, akaliacha chini ya mabati wiki 3. Mchana wa Kisumu hufika nyuzi 30, na chini ya mabati ni zaidi. Mwenzake wa Nakuru, kule juu kwenye baridi, angeponea hapo.

Unaponunua, kumbuka hili pia: kampuni nyingi hutoa dhamana ya betri ya miaka 8, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Gari la mtumba linaweza kufika Mombasa dhamana ikiwa ukingoni. Usitazame kilomita peke yake. Mwambie fundi achomeke kifaa cha kusoma kompyuta, akuonyeshe uwezo uliobaki kwa ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kushika.

La mwalimu lilikuwa na ampea-saa 40 likiwa jipya. Nilisoma 27.3. Nilimwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, tukapanga chaji ianze saa tisa usiku ili imalizike karibu na muda wa kuondoka, na likizo aliache na nusu, chini ya mwembe. Miezi 7 baadaye nilipima tena. 27.1.