Kabla ya kuuliza El Niño, uliza Bahari ya Hindi

Kila Septemba swali ni lile lile, awe dereva wa matatu au mama mboga wa Muthurwa: "Wewe mtu wa mvua, El Niño inakuja?" Mimi huwauliza kwanza kama wamesikia habari za Bahari ya Hindi.

El Niño ni maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, mbali sana na sisi. Bahari inayotugusa moja kwa moja ni hii yetu. Kwa kawaida maji yenye joto zaidi yako upande wa Sumatra, kule Indonesia. Hewa hupanda kule, mvua hunyesha kule, kisha hewa hiyo hutufikia ikiwa kavu na inashuka. Na hewa inayoshuka haijengi mawingu. Miaka mingine pepo za mashariki hupata nguvu kandokando ya ikweta. Maji ya moto husukumwa kuja pwani ya Afrika, na huko Sumatra maji baridi huibuka kutoka chini. Hapo hewa hupanda upande wetu, ikiwa imebeba mvuke tele. Hiyo ndiyo dipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Ikigeuka kuwa hasi, mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba, hupungua.

Mara nyingi El Niño huipa nguvu dipoli chanya, ndiyo maana sifa zote huiendea El Niño. Mwaka 1997 zilikuja pamoja, na Wakenya hawajasahau. Lakini tazama 2019: Pasifiki ilikuwa karibu na kawaida, dipoli ikawa miongoni mwa kali zaidi kuwahi kupimwa, na Novemba udongo ukaporomoka West Pokot na kuua watu. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa mno; mvua ikaja, ila haikufikia ile ya 1997.

La Niña, yaani Pasifiki ikipoa kuliko kawaida, nayo hutukausha. Kuanzia vuli ya 2020 hadi ya 2022 misimu mitano ilipita bila mvua ya kutosha, na mwaka huo wa mwisho dipoli ilikuwa hasi pia. Wafugaji wa Marsabit na Turkana ndio waliolipa.

Utabiri wa msimu wa ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha nchi za IGAD kilicho hapo Ngong, hutolewa kwa ramani yenye rangi. Watu huona kijani na kusema "wamesema itanyesha". Hapana. Tuseme eneo lako limeandikwa 45, 35, 20: nafasi ya mvua kuzidi wastani ni asilimia 45, ya kuwa karibu na wastani 35, ya kuwa chini 20. Maana yake hata nafasi ya kuzidi wastani haijafika nusu! Mwenye duka kwenye bonde la mto azibue mtaro, lakini asikope pesa kwa kuitegemea rangi hiyo.

Yote haya ni ya vuli. Masika, Machi hadi Mei, haina utii huo. Mathare ilipofurika Aprili 2024, wengi walitaja El Niño, ilhali ilikuwa inafifia na uhusiano wake na masika ni dhaifu. Masika huyumbishwa zaidi na makundi ya mawingu yanayozunguka ikweta kwa siku 30 hadi 60, ambayo hayaonekani miezi mitatu kabla. Kwa hiyo ikifika Machi, fuata utabiri wa wiki kutoka Idara ya Hali ya Hewa, pale Dagoretti Corner; ule wa msimu mzima hautakusaidia sana.