Tundu la joto kukaa chini ya dirisha: shida ni kioo

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Safari hii ni Iyumbu, nyumba mpya, mama mwenye nyumba amehamia kutoka Dar es Salaam na Julai ya Dodoma imemkomesha. Akanionyesha kwenye simu picha ya sebule ya Marekani: tundu la hewa ya moto liko sakafuni, chini kabisa ya dirisha. "Fundi, nataka AC yangu ikae chini hivi. Joto si linapanda?"

Sentensi hiyo nimeisikia kwa wateja, kwa mafundi wenzangu, hata kwa mchora ramani mmoja. Mama, kinachopanda ni hewa ya moto, tena inapanda kwa sababu hewa ya baridi, iliyo nzito zaidi, inaisukuma juu. Ukiipasha hewa nyuzi 10, inakuwa nyepesi kwa asilimia 3 hivi. Nguvu hiyo ni ndogo na feni ya AC inaishinda. Ingekuwa ni kupanda tu, Wamarekani wangeliweka tundu ukuta wa ndani, bomba liwe fupi na gharama ipungue. Kwa nini walipeleke hadi dirishani, mahali panapopoteza joto kuliko pote?

Kioo. Amka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba, nje kukiwa na nyuzi 13 au 14. Funga madirisha, zima feni, washa kijiti cha udi ukishike karibu na kioo. Moshi utapanda kidogo kutoka kwenye kaa lake, utasita, utajikunja, kisha utateremka sambamba na kioo na kumwagika sakafuni. Hewa hiyo inayoteremka ndiyo inayokugandisha miguu kwenye kochi la dirishani wakati kichwa hakina shida. Watu husema dirisha linavuja. Mengine yanavuja kweli, hasa haya ya aluminiamu ya kusukuma, lakini hata ukiziba kila upenyo kwa silikoni, kioo kimoja cha milimita 5 kitaendelea kuipoza hewa inayokigusa, nayo itaendelea kushuka.

Tundu la chini ya dirisha limewekwa liikute hewa hiyo njiani, liichanganye na ya moto kabla haijafika miguuni. Ni dawa ya nchi ambako nje kunaganda. Nyumba zao mpya zenye vioo viwili au vitatu haziitegemei sana, na huko Florida matundu mengi yako darini kwa sababu kazi kubwa ni kupoza.

Na Dodoma kazi kubwa ni kupoza. Ukiishusha AC kwa ajili ya Julai, Oktoba baridi yote itatuama sakafuni, kichwa kikichemka chini ya bati. Iache juu. Ukitaka joto, hakikisha kwanza ni AC inayotoa joto, maana nyingi ni za kupoza tu, kisha elekeza mapezi, vile vibao vya mdomoni mwa AC vinavyoongoza hewa, chini kabisa na uongeze kasi ya feni. Wengi wanaoniita kwamba "haitoi joto" nakuta mapezi yamelala kama ya kupozea, joto lote liko kwenye jipsamu.

Jiko la mkaa usiingize chumbani ukafunga mlango. Gesi yake haina harufu na inaua.

Kinachonisumbua mpaka leo ni sensa, kile kipima joto kinachoiambia AC izime au iwake. Iko ndani ya AC yenyewe, kule juu, kwa hiyo inasoma joto la darini na kuzima mtambo wakati miguu bado inaganda. Huwaambia wateja waongeze nyuzi 2 au 3 kwenye rimoti. Jibu hilo haliniridhishi, kwa sababu chumba kimoja linakifaa na cha jirani linakigeuza tanuri. AC yenye sensa kwenye rimoti ni afadhali, mradi rimoti isiachwe juu ya kabati.

Kwa yule mama tuliacha AC juu, tukasogeza kochi mbali na dirisha. Pazia lake zito lilikuwa linaishia kwenye kizingiti cha dirisha, hewa ya kioo inapita nyuma yake na kumwagikia watoto waliokaa mkekani. Nikamwambia ashone jingine lifike sakafuni na kuigusa.