Madlib na madeiwaka wake

Hapa Dar mpigaji asiye na bendi tunamwita deiwaka. Anaitwa, anapiga, analipwa, anaondoka. Wiki nzima nimeshinda studio na madeiwaka wawili, mpiga drams kijana na mzee wa tarumbeta, na kila tukikwama narudi kwenye albamu moja ya 2005 kuiba maarifa.

Ni The Funky Side of Life, ya kundi linaloitwa Sound Directions. Nyuma ya jina hilo yupo Madlib, yaani Otis Jackson Jr. wa Oxnard, California. Wengi mnamjua kwa Madvillainy, albamu aliyoifanya na rapa MF DOOM mwaka 2004. Wachache wanajua kwamba mwaka 2001 alishatoa albamu ya jazz, Angles Without Edges, kwa jina la Yesterdays New Quintet. Ilitajwa kuwa na wanamuziki watano: Ahmad Miller kwenye vibrafoni, Monk Hughes besi, Joe McDuphrey kinanda, Malik Flavors tumba na vikorombwezo, na yeye mwenyewe drams. Wanne kati ya hao hawajawahi kuzaliwa. Madlib alipiga kila chombo, kimoja baada ya kingine, halafu akawagawia majina.

Kwenye Sound Directions aliita watu wa kweli. Na nyimbo nyingi alizowapa ni kopi, kama bendi zetu za hotelini. Tofauti iko kwenye uchaguzi. Chukua Forty Days ya mpiga tarumbeta Billy Brooks. Ni wimbo wa miaka ya sabini ambao kundi la hip-hop A Tribe Called Quest waliukata sampo, yaani walichukua kipande cha rekodi yenyewe na kukizungusha, mwaka 1990 kwenye wimbo wao Luck of Lucien. Kwa hiyo wapenzi wa hip-hop tuliujua wimbo huu kama kipande kinachozunguka, hatukuujua mwanzo wala mwisho wake. Madlib anaurudisha mikononi mwa wapigaji, lakini sikio lake limekulia kwenye kile kipande. Hilo ndilo linalonivutia.

Sampo haichukui nota tu. Inabeba chumba, tepu, maikrofoni, hata vumbi la santuri. Kisha mashine inaongeza yake. SP-1200, mashine ya kukata sampo iliyotoka 1987, ilikuwa na nafasi ya sekunde 10 tu kwa sampo zote, basi maprodyuza walikuwa wanacheza santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45, wanarekodi, halafu wanaishusha kasi ndani ya mashine. Nafasi wameokoa, na sauti imetoka na mkwaruzo mzito ambao baadaye kila mtu akautamani. Ukimwita mpigaji apige kipande hichohicho upya, unapata nota. Mengine yote utayatafuta mwenyewe.

Mbona basi watu wanahangaika kupiga upya? Sababu mojawapo ni pesa. Ukikata sampo Marekani unahitaji ruhusa mbili, ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi. Ukipiga upya unabaki na ile ya utunzi peke yake. Baada ya rapa Biz Markie kushindwa mahakamani mwaka 1991 kwa sampo aliyoikata bila ruhusa, hakuna prodyuza mwenye akili aliyeendelea kudhani sampo ni ya bure.

Sasa njoo studio kwangu. Nilimwomba kijana wa drams apige midundo ya baa mbili (vipimo viwili vya muziki), ileile, kwa dakika nne. Baa ya kumi na mbili akaanza kurembesha.

"Kaka, usiniwekee madoido."

"Bro, mkono unakwenda wenyewe."

Nikamwondolea tomu zote, zile ngoma za kurembea, na upatu mmoja. Akabaki na kick, snea na hi-hat. Juu ya snea nikatandika kipande cha khanga na kukibana kwa gundi ya karatasi ili mlio usiruke. Ndani ya dakika moja ikawa biti.

Nikisikiliza Sound Directions nahisi kazi kama hiyo ilifanyika: wapigaji wanajua zaidi ya wanachoruhusiwa kupiga. Na hapa nitawaudhi baadhi yenu. Kwa sikio langu, kwinteti ya uongo, lile kundi la watano la Yesterdays New Quintet, ina uhai kuliko hii ya watu kamili. Madlib akipiga drams anachelewa kidogo, kisha anaichukua besi na kuchelewa vilevile, maana ni mtu mmoja na kasoro zake zinafahamiana. Mpigaji mzoefu akisikia kasoro anaisahihisha. Anadhani anakusaidia! Lakini zile tarumbeta na trombone zikiingia pamoja, hapo nasalimu amri. Pumzi za watu kadhaa huwezi kuzighushi peke yako chumbani.

Mzee wangu wa tarumbeta ametoka kwenye bendi za dansi, na kwake kuchelewa ni aibu. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikamweleza nataka nota ikae nyuma kidogo ya mdundo.

"Mwanangu, unataka nikose?"

"Hapana mzee. Piga kama mtu aliyeshiba."

Akacheka, akakohoa, akapiga. Mara ya tatu ndiyo tuliyoibakiza. Kile kikohozi kinasikika kabla ya nota ya kwanza, na nimekiacha palepale.