Dawa za homa ya ini C hazili mifupa

Ujumbe huu unazunguka kwenye magrupu ya mitaa ya Nairobi tangu zamani: eti vidonge vya homa ya ini aina ya C "hula mifupa", na aliyepona huishia kuvunjika nyonga. Tafadhali, ukikufikia usiusambaze. Kuna anayeusoma akiwa na vidonge mkononi.

Mambo ni kinyume. Virusi vikikaa mwilini miaka mingi, ini huvimba muda wote, na hali hiyo, hasa ini likishakuwa na makovu, huchangia kudhoofisha mifupa. Vidonge vya wiki 8 au 12 huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100, na uvimbe hupungua. Ila mfupa uliokwisha kudhoofika haurudi kwa siku moja, basi lawama huangukia dawa.

Kinachochanganya zaidi, naona, ni tenofoviri, dawa ya homa ya ini B na ya VVU. Aina yake ya zamani inaweza kupunguza kidogo uimara wa mifupa. Hiyo ni dawa nyingine kabisa, na hata hiyo usiiache bila daktari.

Soma jina kwenye kopo lako ujue unameza ipi. Wiki 12 baada ya kumaliza vidonge vya homa ya ini C, omba kipimo cha virusi vyenyewe. Kile cha kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza dhidi ya virusi, huendelea kuonyesha chanya hata ukishapona.