"Ni bahari tu": maswali na majibu kwa wanaompeleka mzazi kwenye meli ya utalii

Siku hizi watoto walioko ughaibuni wanawalipia wazazi wao safari ya meli ya utalii: siku saba za Karibiani kutokea Miami, au kuzunguka Mediterania kutokea Barcelona. Ni zawadi nzuri, na mzazi aliyelea anastahili. Mimi ni muuguzi. Nimehudumu katika zahanati za meli hizo, na sasa nawaona wasafiri nikiwa nchi kavu. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara kwa mara. Utaona narudia jambo moja, kwamba kuharisha si bahari na zahanati iambiwe mapema, na nitalirudia kwa sababu nimeletewa wagonjwa wengi siku ya tatu, midomo imewakauka, macho yamezama, na mtoto wao amesimama pembeni akisema, "Tulidhani ni bahari tu."

Kulevywa na bahari ni nini hasa?

Sikio la ndani linahisi meli inayumba, lakini macho yako, ukiwa chumbani, yanaona ukuta umetulia. Ubongo unapokea habari mbili zisizopatana. Matokeo yake ni kizunguzungu, jasho baridi, mate kujaa mdomoni, kichefuchefu na kutapika. Basi. Hakuna homa, hakuna kuharisha. Bahari ikitulia au meli ikifunga gatini, mtu anarudi katika hali yake.

Tuizuie vipi?

Mkiweza kuchagua, chukueni chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, maana huko mtikisiko ni mdogo. Mtu akianza kujisikia vibaya atoke nje penye hewa, atazame mbali pale maji yanapokutana na mbingu, na aiweke simu mfukoni. Ale kidogo kidogo, kwa sababu tumbo tupu nalo linachochea. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu.

Dawa inamezwa kabla, si baada ya kuanza kutapika. Sinarizini, kwa mfano, humezwa kama saa mbili kabla ya safari. Promethazini inaleta usingizi mzito, na mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Mzee mwenye glaukoma au tezi dume amuulize mfamasia kwanza, kwa kuwa baadhi ya dawa hizi zinaweza kuongeza presha ya jicho au kumzuia kukojoa.

Mama ametapika mara mbili na anaharisha. Jana usiku bahari ilichafuka sana. Si ndiyo hiyo bahari?

Hapana. Bahari inatapisha, haimfanyi mtu aharishe. Ukiona kuharisha, ondoa bahari kwenye hesabu yako, hata kama mawimbi yalikuwa makubwa kiasi gani.

Najua mazoea haya yametoka wapi. Wengi wetu tumeijua bahari kwa boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja. Safari ni kama saa mbili, mifuko ya kutapikia inapita, ukishuka pale bandari ya Malindi, Unguja, unakunywa dafu na mambo yamekwisha. Kwa hiyo mtu akitapika melini, familia nzima inasubiri "ashuke Malindi." Lakini meli ya siku saba ni mji. Ina watu 3,000 au zaidi wanaokula kwenye kumbi zile zile, wanaoshika reli zile zile za ngazi na vitufe vile vile vya lifti.

Mara nyingi anayewaharisha abiria huko ni kirusi kiitwacho norovirusi. Jina lake limetoka Norwalk, mji wa jimbo la Ohio huko Marekani, ambako mwaka 1968 wanafunzi wa shule moja waliugua pamoja. Ilikuwa shule. Hapakuwa na wimbi wala nanga. Kirusi hiki kinakaa kwenye kinyesi na matapishi ya mgonjwa, na chembe chache mno zinatosha kumwangusha mwingine. Mtu huanza kuugua saa 12 hadi 48 baada ya kukipata, na wengi hupona ndani ya siku 1 hadi 3.

Kijana mwenye afya atalala siku mbili aamke. Mama wa miaka 68 mwenye presha na sukari anaweza kupoteza maji mengi kwa usiku mmoja tu. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Ametapika mara moja tu, na choo kimelainika kidogo. Tusubiri hadi asubuhi tuone?

Msisubiri. Simu iko chumbani, na zahanati ya meli ina zamu usiku kucha. Mkipiga simu, muuguzi atawaeleza kama mje au atawafuata hapo mlipo. Msimtembeze mgonjwa kwenye lifti na korido huku anatapika.

Melini, mtu aliyeharisha mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, au aliyetapika pamoja na homa, maumivu ya tumbo au ya misuli, anahesabiwa mgonjwa. Lakini hesabu hiyo ni ya takwimu za meli. Mzee, mtoto mdogo, mjamzito na mwenye maradhi ya figo, moyo au sukari hawasubiri mara tatu. Piga simu mara ya kwanza.

Tukisema, si watatufungia chumbani? Tumelipa pesa nyingi.

Hili ndilo swali lenyewe, na nalijibu bila kuzunguka: ndiyo, mgonjwa ataambiwa akae chumbani mwake, kwa kawaida hadi zipite saa 24 bila dalili yoyote. Chakula kitaletwa mlangoni na wasafishaji watakuja na dawa ya klorini. Utakosa ufuo mmoja, pengine miwili.

Sasa tazama upande wa pili. Nimewahi kumpokea bibi aliyejificha siku mbili ili "asiwaharibie watoto safari." Kila asubuhi alikuwa anapaka wanja, anaketi nao mezani, anakunywa chai ya rangi na kusema ameshiba. Alipoanguka bafuni ndipo walipojua. Tulimtundikia dripu tatu, lakini figo zilikuwa zimeshaumia, na ilibidi ashushwe bandari iliyofuata, nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akijua lugha yake. Wanawe wote walishuka naye. Yule mama alitaka kuwaokolea siku mbili, akawapotezea safari nzima.

Na si yeye tu. Matapishi ya mtu mmoja ukumbini yanarusha chembe hewani na kwenye sahani za jirani. Meli inayotoka nje na kuingia bandari ya Marekani inatakiwa kuripoti wagonjwa wa kuharisha kwa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya nchi hiyo. Wakifika asilimia 2 ya abiria au ya wafanyakazi, taarifa ya pili inatumwa. Kwenye meli ya abiria 3,000 hiyo ni watu 60 tu, na wanafika haraka pale wanapojificha wachache.

Kwa hiyo mwambieni mzazi kabla hamjapanda, kwa heshima na kwa upole: "Mama, ukiharisha usituonee haya, tuambie saa hiyo hiyo." Wazazi wetu wanaona aibu kutaja choo mbele ya mkwe na wajukuu. Mpeni mtu mmoja wa kumwambia, binti au dada yake, na huyo ndiye awe anamuuliza kila siku.

Tumebeba Flagyl na dawa ya kufunga tumbo. Si zinatosha?

Hazitoshi, na hili linanichosha. Norovirusi ni kirusi. Flagyl haiuwi kirusi, na antibayotiki ulizobakiza mwaka jana haziuwi kirusi. Zinakuongezea kichefuchefu na zinakupa moyo wa uongo wa kukaa siku nyingine bila kuonana na daktari.

Dawa ya kufunga tumbo, yaani loperamidi, mwenye homa au anayetoa damu kwenye choo asiimeze, na mtoto mdogo asipewe. Ibuprofeni na diklofenaki kwa ajili ya tumbo linalosokota ziacheni kabisa wakati huu, maana figo lililokauka maji halizihimili.

Cha kubeba ni pakiti za ORS, ile poda ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini. Zikiisha, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Apewe mafunda madogo madogo. Akitapika, pumzikeni dakika kumi kisha mwendelee. Soda si mbadala. Na ORS ni ya kumshikilia mgonjwa wakati zahanati imeshaarifiwa, haichukui nafasi ya ile simu.

Dalili gani ni za kukimbia?

Mkojo wa rangi ya chai kavu, au saa nane bila mkojo. Kizunguzungu akisimama. Kuchanganyikiwa, kuongea visivyoeleweka, usingizi usio wa kawaida. Damu kwenye choo. Kushindwa kubakisha hata maji. Mtoto anayelia bila machozi. Hapo usiseme "tumalizie chakula kwanza."

Anaendelea na vidonge vya presha na sukari huku anaharisha?

Muulizeni daktari siku hiyo hiyo, na hii ni sababu nyingine ya kutojificha. Baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojoza, pamoja na metformini, dawa ya sukari, mara nyingi husimamishwa kwa muda mwili ukiwa umekauka. Insulini ni habari nyingine: mgonjwa asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe hata kama hali chakula, ila apimwe sukari mara kwa mara na daktari apange dozi.

Kila mlangoni kuna kitakasa mikono. Kinatosha?

Hapana. Vitakasa mikono vya spiriti havimwezi vizuri norovirusi. Tangu enzi ya Uviko watu wanajipaka wanaona wameshanawa. Maji tiririka na sabuni, sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha, baada ya choo na kabla ya kula. Kitakasa kiwe nyongeza.

Jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii: kwenye meza ya kujipakulia, ile koleo ya kuchotea imeshikwa na watu mia kabla yako. Ukishapakua, weka sahani, kanawe, ndipo ule. Hasa sisi tunaokula kwa mkono.

Mtoto wa nepi anaweza kuingia bwawani?

Kwenye mabwawa ya kawaida ya meli, hapana, hata akiwa na nepi ya kuogelea. Na yeyote anayeharisha asiingie, mkubwa au mdogo. Klorini haiuwi kila kitu papo hapo.

Dawa za kila siku tuziweke kwenye sanduku?

Kamwe. Sanduku mnalikabidhi gatini na linaweza kufika chumbani jioni, saa kadhaa baada yenu. Dawa, glukomita (kipima sukari), miwani na barua ya daktari vikae kwenye mkoba wa mkononi, dawa zikiwa ndani ya vifungashio vyake vyenye majina. Ongezeni dozi za siku kadhaa zaidi ya safari.

Bima inahitajika?

Inahitajika. Zahanati ya meli inatoza, na bima nyingi za nyumbani haziigusi bili hiyo. Hakikisheni bima ya safari inataja kushushwa mgonjwa baharini, na mtaje presha na sukari mnapoijaza. Ukificha ugonjwa kwenye fomu, siku ya kudai unanyimwa. Zahanati yenyewe ina dripu, oksijeni na vipimo vya kawaida vya damu, ila si hospitali ya rufaa.

Mjamzito je?

Kampuni nyingi hazimpokei mwanamke atakayefikisha wiki 24 wakati wowote wa safari. Ulizeni kabla ya kulipa.

Mama ameamka vizuri leo, hajaharisha tangu usiku. Tushuke naye bandarini?

Bado. Zahanati ndiyo itakayosema, na saa 24 zinahesabiwa kuanzia mara ya mwisho alipotapika au kuharisha, si tangu alipoanza kutabasamu. Akishindwa tena mchana wa jua kali katikati ya mji wa watu, mtaanza moja.

Na mkisharudi nyumbani, najua jikoni hatoki. Asiwapikie watu kwa siku 2 kamili baada ya dalili kwisha, hata kama wageni wamekuja kumpokea na wanausubiri pilau wake. Kirusi kinaweza kuendelea kutoka kwenye choo chake kwa wiki 2 au zaidi, kwa hiyo sabuni ikae msalani muda wote huo, taulo lake liwe la peke yake, na nguo alizochafua zifuliwe kwa maji ya moto, na anayezifua avae glavu.