Mdudu wa kaharabu hakutoboa jiwe

Nikimwonyesha mtu picha ya mbawakawa aliyemo ndani ya kaharabu, swali huwa lile lile: alipenyaje kwenye jiwe? Hakupenya. Kaharabu ni utomvu wa mti uliogandamana ardhini kwa mamilioni ya miaka, na mdudu alinaswa ulipokuwa ungali unanata.

Mkulima wa kahawa hapa Uganda ana mfano shambani kwake. Chukua kijiti cha robusta kilichonyauka, kigeuze utazame upande wa chini: kuna tundu dogo kama la sindano. Kipasue kwa kisu. Ndani mna mfereji, na humo vidudu vyeusi visivyofika milimita 2. Jamaa zao wa kale ndio hao tunaowakuta kwenye kaharabu. Mti wenye utomvu ukitobolewa hujitetea kwa kuumwaga pale pale penye jeraha, na mtoboaji huzama mlangoni pa nyumba yake. Si ajabu basi kwamba watoboa mbao ni wengi katika kaharabu ya Jamhuri ya Dominika.

Wengine husema wadudu hawa wote hula mbao. Huyu wa kahawa hali mti. Jike huja na kuvu mwilini, huipanda kwenye kuta za mfereji, na watoto hula hiyo. Ni mkulima kama sisi! Mti unamfaa kwa shamba tu.

Kosa linaloumiza mfuko ni kudhani sandarusi na kaharabu ni kitu kimoja. Sandarusi nayo ni utomvu wa mti uliogandamana, lakini ile ya pwani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikipitia Zanzibar kwenda kutengenezwa vanishi, ni changa mno. Kaharabu ya Baltiki imepita miaka milioni 30. Kabla ya kununua, dondoshea asetoni (kiondoa rangi ya kucha) kidogo mahali pasipoonekana. Sandarusi italainika na kunata kidoleni.

Na vinasaba (DNA) vya mdudu wa kaharabu? Havipo. Mwaka 1993 ilitangazwa kwamba vimesomwa vya fukusi wa kaharabu ya Lebanoni, lakini matokeo yale hayakuweza kurudiwa. Mara nyingi ndani ya mdudu mna uwazi mtupu. Kilichobaki ni umbo. Ila umbo lenyewe linatosha kumtambulisha: katika kaharabu ya Myanmar, ya miaka milioni 99 hivi, amepatikana mtoboaji wa jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo Microborus, na jenasi hiyo ingali hai leo.