Kupiga shoo bure kwenye tamasha: bendi ihesabu nini kabla ya kukubali

Kuanzia Juni hadi Septemba, viongozi wa bendi ndogo Nyanda za Juu Kusini hupokea simu za namna moja. Ndio msimu wenyewe. Mvua imekata, mavuno yameingia, fedha kidogo iko mikononi mwa watu, na viwanja vya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe vinapokea matamasha, mbio na maonesho. Nane Nane ya Agosti katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya peke yake hukusanya watu ambao bendi ya mtaani isingewapata ukumbini kwa mwaka mzima. Na mwenye simu huwa na maneno yale yale: "Kaka, bajeti yetu mwaka huu imebana, ila mtapata promo ya kufa mtu."

Sisi tunaofanya kazi ya utamaduni kwenye halmashauri, ambako maombi ya vibali vya maonesho hupita mezani, tunaulizwa sana swali hili: tukubali au tukatae? Jibu langu ni kwamba muulizeni kwanza mwandaaji nani mwingine analipwa. Swali hilo linapanga mambo haraka kuliko mabishano yote kuhusu thamani ya sanaa. Kama mwenye spika, mwenye hema, mwenye jenereta, walinzi, MC na msanii anayeshushwa kutoka Dar es Salaam wote wana bahasha, basi fedha ipo, ila ninyi hamkuwekwa kwenye hesabu. Kama hakuna anayelipwa, kwa mfano harambee ya zahanati au ya bweni la shule, huo ni mchango. Utoeni kwa moyo wote, wala msiuite promo.

Sasa tuhesabu. Chukulia bendi ya watu sita kutoka Mwanjelwa, Mbeya, imealikwa Iringa mjini, safari ya zaidi ya kilomita 300. Tukadirie nauli ya 20,000 kwa kichwa; kwenda na kurudi ni 240,000. Makondakta hawabebi kinanda, ampulifaya na tumba kwa hisani, kwa hiyo weka 60,000 ya mizigo. Vyumba vitatu vya gesti, watu wawili wawili, 60,000. Chakula cha siku mbili kwa watu sita, 120,000. Bajaji kutoka stendi ya Igumbilo hadi uwanjani, kisha kurudi, 20,000. Tumefika nusu milioni, na bado hakuna uzi wa gitaa uliokatika. Hapo sijamgusa mpiga besi ambaye ni fundi cherehani pale Kabwe na amefunga ofisi siku mbili. Wala mpiga tumba anayeendesha bodaboda ya mtu: mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni, hajui tamasha wala promo.

Kwa hiyo shoo hiyo ni bure kwa mwandaaji tu. Bendi imelipa nusu milioni ili ipande jukwaani, na ingekuwa vizuri uamuzi ufanyike kwa kuitazama namba hiyo: je, tungekuwa na nusu milioni mkononi leo, tungeitumia hivi? Pengine ndiyo. Ila fedha hiyo hiyo inaweza kuingiza wimbo studio, au kukodi ukumbi mdogo nyumbani Mbeya kwa kiingilio chenu wenyewe.

Kuna wazee husema zamani wanamuziki walipiga bila kulalamika. Ni kweli kwa sehemu, lakini tukumbuke walikuwa chini ya nani. Iringa ilikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliyotamba miaka ya 1980. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilikuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Katika mfumo ule vyombo vilikuwa mali ya taasisi, na mwanamuziki alikuwa mtumishi. Bendi ikitolewa kupiga kwenye sherehe ya kitaifa bila kiingilio, mshahara wa mwisho wa mwezi haukuguswa. Leo bendi ndogo ndiyo mwajiri, mwajiriwa na bohari ya vyombo kwa wakati mmoja. Kuilinganisha na zile ni kuionea.

Turudi kwenye promo yenyewe, maana waandaaji hulitamka neno hili kana kwamba ni hewa. Promo inapimika. Kwanza muda wa kupanda. Ukipangiwa saa nane mchana, mafundi bado wanavuta nyaya na uwanjani kuna watoto na wauza karanga. Ukipangiwa saa tisa usiku wa Julai pale Makambako, baridi imeshawarudisha watu nyumbani, na waliobaki wamejitanda mablanketi wakisubiri kukuche wapande mabasi. Saa zenye watu ni chache, na hizo hupewa anayelipwa. Bendi inayopiga bure ina haki ya kudai saa nzuri kuliko hata inayolipwa, kwa kuwa malipo yake ni kuonekana.

Pili, jina. Nimesikia MC akiwashusha watu jukwaani kwa "makofi kwa vijana wetu kutoka Mbeya!" na shoo ikaishia hapo. Vijana gani? Bendi gani? Anayetaka kuwaalika kwenye harusi ya mwanawe Jumamosi ijayo ataanzia wapi? Mwandikieni MC jina la bendi na namba ya simu kwenye karatasi, mumpe mkononi, alitaje mkipanda na mkishuka. Kitambaa chenye jina na namba kifungwe mbele ya kinanda. Kwenye bango jina lisomeke. Kuandikwa "na wengine wengi" hakumtangazi mtu.

Tatu, video, na hapa ndipo bendi nyingi hupoteza bila kujua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inampa mtumbuizaji haki ya kuruhusu au kukataa onesho lake lirekodiwe na kurushwa hewani. Mkikubali kupiga uwanjani, hamjamkabidhi mwandaaji picha zenu azitumie kutafutia wadhamini mwakani. Ruhusa hiyo ni mali, nanyi mna uwezo wa kuibadilishana: arekodi, lakini awape nakala safi yenye sauti ya kutoka kwenye mitambo, mapema, wakati tamasha bado linazungumzwa. Nyimbo mbili zilizorekodiwa vizuri mbele ya umati zinawauza kwa mapromota wengine. Tamasha kama Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza 2004, hujulikana kwa kutaka muziki wa kupigwa mubashara, na huwezi kumshawishi mchaguzi wa namna hiyo kwa wimbo wa studio pekee.

Nilitaje tamasha hilo hilo kwa jambo jingine, ili tusiwaone waandaaji wote kuwa wezi. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa kukosa fedha, ikarudi 2017. Kama tamasha lenye jina kiasi hicho hukwama, basi kijana anayeandaa tamasha lake la kwanza Tukuyu au Mafinga anaweza kweli kuwa hana kitu. Huyo muwe naye wazi. Mwambieni: usafiri, malazi na chakula ni juu yako, maji yawepo jukwaani, tunazotunzwa ni zetu, lipa namba yetu inabandikwa mbele, mdhamini akipatikana katikati, tunaingia kwenye mgao. Fedha za kutunzwa msizidharau. Hadhira ikipagawa na noti zikaanza kubandikwa kwenye paji la uso wa mwimbaji, zinaweza kupita malipo ya kawaida, na ugomvi huzuka pale MC au mwenye uwanja anapodai fungu.

Kwa bendi changa kabisa, shoo mbili tatu za bure mjini kwao zina maana: hakuna nauli, ndugu na jirani watakuja, na mtajua ni wimbo upi unainua watu. Baada ya hapo, mwandaaji yule yule akiwaita tena bure, mmeshakuwa burudani yake ya bei nafuu.

Serikalini nako hatujasalimika. Shughuli ya kitaifa ikipita wilayani, kikundi huitwa alfajiri, kikapiga hadi jua la utosi, kikaagwa kwa soda na ahadi ya posho. Bajeti yenye fungu la mapambo na maji ya chupa ishindwe vipi kuwa na fungu la burudani?

Makubaliano yoyote mtakayofikia, yaandikeni. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haibatilishi makubaliano ya mdomo, ila kuyathibitisha ni kazi. Si lazima iwe karatasi yenye mihuri. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo upokelewe kama ushahidi. Baada ya simu, mtumieni mwandaaji maneno machache: "Bosi, kama tulivyoongea, tutapiga saa tatu usiku dakika 40, nauli ya watu sita mtatuma kabla ya Ijumaa, video mtatupa ndani ya wiki moja. Tujibu kama ni sawa." Akijibu "sawa", mna kitu cha kushika. Akikaa kimya siku tatu, msipakie vyombo.

Nauli iliyoahidiwa isipotoka, Mahakama ya Mwanzo hupokea madai ya deni la mkataba na hamhitaji wakili. Lakini pitieni kwanza ofisi ya utamaduni ya halmashauri mkiwa na ujumbe huo, picha ya bango na majina ya mliopiga. Tunaziita pande zote mbili, na mara nyingi mwandaaji huitikia haraka, kwa kuwa msimu ujao atarudi pale pale kuomba kibali.